Gari la kulala: tuamue kabla ya Ijumaa
Habari za jioni wanakikundi. Safari ya Mikumi na Ruaha ipo palepale, kilichobaki ni gari.

Naona wengi mnaitaka Coaster iliyogeuzwa nyumba: vitanda, jiko la gesi, sinki, na mtu anasimama wima ndani. Ingekuwa Mikumi tu, sawa, lami kutoka Dar mpaka getini. Kasheshe ni Ruaha. Njia za ndani ya hifadhi ni za udongo, mito ya kiangazi imejaa mchanga, na gari refu linalosukumwa na tairi za nyuma pekee likizama hapo tutashuka wote, simba wakitutazama.

Hiace tumbo lipo chini mno. Tuiache.

Mimi naegemea Land Cruiser mbili zenye hema juu ya paa. Kero yake: kila asubuhi lazima hema likunjwe ndipo gari litoke, na usiku haja ikikubana unashuka ngazi gizani. Wenye magoti mabovu semeni mapema, tuwawekee nafasi kwenye mabanda ya hifadhi.

Andikeni hapa: Coaster au Cruiser. Sauti za dakika tano sisikilizi.