Mkono wa mwendesha baiskeli nao ni indiketa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba waendesha baiskeli wa Dar hawana sheria, wanakata kona wanavyojisikia, na ingekuwa ye ndo mwenye mamlaka angewatoa wote barabara kubwa wakapite vichochoroni. Mi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Tandika, na wateja wangu ni haohao anaowasema, wauza samaki wanaotoka Feri na matenga, vijana wa mikate, wabeba mkaa wa njia ya Mkuranga. Nakubaliana nae nusu. Kukata kona bila ishara, kweli wanakata. Ila hajajiuliza hiyo ishara wangefundishwa na nani, na wakiitoa nani anaisoma.

Maana hapa kwetu mtu akitaka leseni ya gari anapita shule ya udereva, anafundishwa alama za barabarani, anapigwa maswali na trafiki. Mwenye baiskeli anafundishwa na kaka yake uwanjani, siku akiweza kukaa bila kuanguka ndo ameshahitimu, kesho yake yuko barabara ya Kilwa katikati ya daladala na bajaji. Uholanzi watoto wa shule ya msingi wanafanya mtihani wa baiskeli kabisa, wa kuandika na wa barabarani. Sisemi tuwe Uholanzi, nasema tu usishangae mtu kutojua kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia.

Alafu kuna wanaosema madereva wetu hawawezi kusoma mkono hata ukiutoa vizuri. Hapo nakataa. Kaa Buguruni jioni barabara ya Mandela imejaa uangalie. Dereva wa daladala anatoka kituoni anataka kurudi barabarani, indiketa haiwaki tangu mwaka juzi, anatoa mkono wake wa kulia dirishani anaupungapunga chini, na gari zinapunguza, hata V8 zinapunguza. Ikiwa inataka kuingia kushoto konda ndo anaomba njia, kiganja nje, kifua nusu nje, na anapewa. Kwahiyo kusoma mkono wanajua sana, ni vile mkono wa muuza samaki hawauhesabu, kwa sababu nyuma ya mkono ule hakuna bodi la kukwaruza rangi yao. Huo ndo ukweli na unauma.

Sasa ishara zenyewe ni tatu tu na hazihitaji kwenda chuo. Unaenda kulia, nyoosha mkono wa kulia usawa wa bega, mzima, sio kidole kimoja pembeni ya usukani. Unaenda kushoto, nyoosha wa kushoto vilevile. Unapunguza au unasimama, mkono wa kulia unautoa nje, kiganja kinaangalia chini, unaupandisha na kuushusha taratibu. Basi. Hizi ndo ishara za nchi zinazopita kushoto kama sisi na Waingereza walioturithisha kupita kushoto. Wao kitabu chao cha kanuni za barabara kilitoka mara ya kwanza 1931 na ishara za mikono zilikuwa na kurasa zake, kwa sababu magari mengi enzi hizo indiketa hayakuwa nayo, dereva wote walikuwa wanatoa mkono. Wazee walioendesha Bedford na Land Rover za zamani ukiwauliza watakuonyesha, hata kushoto walikuwa wanaonyesha kwa mkono wa kulia, wanauzungusha nje ya dirisha kinyume na saa, maana wa kushoto usingemfikia mtu.

Kinachonikera siku hizi ni michoro ya kwenye simu. Kijana anakuja kijiweni amedownlodi picha ya ishara za baiskeli, amefurahi, anasema fundi nimejifunza. Naangalia, mkono wa kushoto umekunjwa kwenye kiwiko, kiganja juu, chini imeandikwa kwamba huyo anakata kulia. Hiyo ni ya Marekani. Kule wanapita kulia, dereva anakaa kushoto, kwahiyo mkono pekee unaotoka dirishani ni wa kushoto, ikabidi kulia waionyeshe kwa kuukunja juu, na waendesha baiskeli wakaichukua hivohivo. Hata hukohuko majimbo mengi yanaruhusu mwenye baiskeli anyooshe tu mkono wa kulia akienda kulia, maana ye hana dirisha. Sasa wewe uko Temeke, gari zinakupita upande wa kulia, unakunja mkono wa kushoto juu huku unahamia kulia. Dereva wa nyuma atadhani unamsalimia mtu, au unajikuna, atakuja nao mwendo uleule. Picha moja isiyo ya kwetu inaweza kukulaza Muhimbili.

Na kwa walimu wa vikundi vya mazoezi, hawa wanaotoka asubuhi na helmeti na kaptula za kubana, naomba nao mcheki michoro yenu, maana nimeona wengine wanawafundisha wenzao hiyohiyo ya kiwiko.

Tukija kwenye mzigo, hapa ndo wanaoandika sheria wakiwa ofisini wanapotea kidogo. Ukiwa na tenga la samaki nyuma au magunia mawili ya mkaa, kuachia mkono mmoja sekunde tano baiskeli inayumba, na ikiyumba inayumba kuelekea kwenye gari. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 wa mambo ya barabarani unataka mwenye baiskeli ashike usukani angalau kwa mkono mmoja, na kwenye ishara unasema kama chombo hakina indiketa basi mkono utolewe ikiwezekana. Ikiwezekana. Hilo neno waliliweka watu wenye akili. Mi wateja wangu nawaambia hivi, kwanza geuza shingo uangalie nyuma kupitia bega la kulia, na hiyo shingo peke yake tayari ni ishara kwa dereva anayejielewa, alafu toa mkono mapema ukiwa bado kwenye njia iliyonyooka, hesabu mpaka tatu, rudisha mkono kwenye usukani, angalia tena, ndo ukate. Kona yenyewe ikatwe na mikono miwili. Wengi wanafanya kinyume, wanakata kwanza ndo mkono unatoka, sasa huo unamwambia nani wakati ushapita mbele ya gari.

Na ujue breki yako iko mkono gani. Ukitoa mkono wa kulia umebaki na breki ya kushoto, kama hiyo ya kushoto ndo ile waya ulikatika ukasema fundi acha nitakuja mwisho wa mwezi, umebaki bila breki kabisa katikati ya barabara. Napokea baiskeli ambazo breki ni soli ya ndala. Mtu wa hivo usimfundishe ishara, mfungie breki kwanza.

Kama kukata kulia kunakutisha, na pale Tazara chini ya daraja mbona kunatisha kila mtu, hakuna aibu. Toka pembeni kushoto, simama, shuka, sukuma baiskeli uvuke kwenye zebra kama mtu wa miguu. Ukishashuka wewe ni mtembea kwa miguu. Ila ukivuka zebra umekaa juu ya siti unakanyaga pedeli usidai haki ya zebra.

Kitu kingine nakiona kila siku ni watu kuendesha upande wa kulia, wanapambana na magari uso kwa uso. Ukiwauliza wanasema shuleni tulifundishwa. Ndio, ulifundishwa kutembea. Mtembea kwa miguu pasipo na njia yake anakaa kulia ili aone gari zinazomjia, anaweza kuruka pembeni. Baiskeli hairuki pembeni. Baiskeli ni chombo, inapita kushoto na vyombo vingine, na dereva anayetoka barabara ya mtaa akikata kushoto anaangalia kulia tu kunakotoka magari, wewe unayetokea kushoto kwake hakuoni hata ukipiga kengele mpaka vidole vichoke. Kwenye kipilefti vilevile, unampisha aliye kulia kwako ambaye yuko ndani tayari, hata kama una haraka samaki wasiharibike.

Malori nayasema peke yake. Semi linalokata kushoto, kichwa kinaanza kwenda kulia kwanza ili tela lipate nafasi. Mwenye baiskeli anaona limehamia kulia, anaona uwazi mkubwa kushoto, anaingia. Alafu tela linakuja kukata kona juu ya ule uwazi. Dereva amekaa kulia juu kabisa, huku kushoto chini pembeni ya tairi hakuoni, saiti mira haifiki kote. Hapo hata ungetoa mikono yote miwili na filimbi haikusaidii. Lori likiwasha indiketa ya kushoto, au likisimama tu karibu na kona, baki nyuma yake. Usipite kushoto kwa lori, hata kama foleni imesimama nusu saa na jua linawaka. Kwenye barabara ya kwenda bandarini hili peke yake ningelichora kila nguzo.

Usiku mkono hauonekani, tusidanganyane. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na rifleksta. Dinamo za zamani ziliwaka ukikanyaga na kuzima ukisimama, ila zilikuwa zinasaidia, sasa hivi kuna vitaa vya kuchaji vya bei ndogo Kariakoo na bado mtu anaendesha na tochi ya simu mdomoni. Wengine rifleksta inayokuja na baiskeli mpya wanaitoa eti inaharibu muonekano.

Sasa madereva. Msomaji mwenzangu aliyeandika bila shaka ana gari, kwahiyo naongea nae. Ukiona mtu mbele yako amegeuza shingo, tayari anataka kuhama, punguza. Ukiona mkono umenyooka usimpigie honi ndefu, honi inamshtua anayumba. Ukimpita mwachie nafasi, Ufaransa sheria yao inataka mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji, wewe unampita nguo zinagusana na saiti mira. Na usifungue mlango bila kuangalia kioo, hasa bajaji na teksi zinazopaki hovyo. Kisheria mjini mwendo ni 50 kwa saa, unaujua, ulijibu kwenye mtihani.

Na kuhusu kuwatoa barabarani waende kwenye njia zao, njia zipi? Barabara ya Morogoro ulipokuja mradi wa mwendokasi, ulioanza kubeba abiria 2016, walijenga njia za baiskeli pembeni, jambo zuri kabisa. Pita leo uangalie. Bodaboda zimepaki, meza za chipsi, mitumba imetandikwa, pengine gari ya mtu imepanda juu kabisa. Simlaumu machinga, nae anatafuta, lakini usiniambie baiskeli itoke barabarani wakati pale pembeni nafasi yake imeshakaliwa na tairi la boda. Na boda wenyewe foleni ikibana wanaikimbilia hiyo njia kwa spidi, hapo ishara ya mkono umtolee nani, anakuja kwa mbele.

Mi ningeomba mambo machache tu. Shule za udereva ziwaulize wanafunzi maana ya mkono wa mwendesha baiskeli, swali moja linatosha, na trafiki aliulize kwenye mtihani. Ile wiki ya nenda kwa usalama, ambayo kila ikifika tunaona stika kwenye vioo vya magari, trafiki watenge hata asubuhi moja waje Feri saa wauza samaki wanapofunga matenga, wawaonyeshe hizo ishara tatu palepale na baiskeli zao zikiwa na mzigo, wasiwaitie semina hotelini kwa sababu hawatakuja, samaki hawasubiri.

Na nyie gazeti, mkipata nafasi chapeni mchoro mmoja mkubwa wa ishara hizo, za kupita kushoto, mtu achorwe kwa nyuma kama dereva anavyomuona, sio kwa mbele maana watu watageuza kulia kuwa kushoto. Nitaukata niubandike ukutani kijiweni juu ya kopo la gundi. Ila mchoreni akiwa na tenga nyuma tafadhali, mkiweka yule wa helmeti na miwani wateja wangu watasema hizo ni sheria za wazungu wa mazoezi.

Fundi baiskeli,
Tandika, Dar es Salaam