Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Kaunti ya Mombasa: Mtoto naye ni mgeni

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale na mama wa watoto watatu, na kila shule zinapofungwa mwezi wa Desemba nyumba yangu hujaa mawifi, mashemeji na wana wao kutoka bara, wakishuka Miritini kwa treni huku watoto wakiulizia bahari kabla hata ya kuulizia chakula. Kazi ya kuwatembeza huwa yangu, na ndiyo iliyonifunza jambo ninalokuandikia: mji wetu umejaaliwa mengi ya kumfurahisha mtoto, lakini matayarisho yake mengi yanamlenga mtu mzima.

Nianze na Fort Jesus, au Ngomeni kama tusemavyo sisi. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, mambo ambayo mtoto wa miaka saba hayamshughulishi hata kidogo. Lakini nilipomwambia mpwa wangu kwamba ngome hiyo, ukiitazama kutoka juu, ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikiielekea bahari, alikimbia pembe hadi pembe akiitafuta mikono na miguu. Mbele ya michoro ya meli ambayo Wareno wenyewe waliichora ukutani alisimama kimya kitambo, kisha akaniuliza kama wachoraji hao waliadhibiwa kwa kuchafua ukuta. Sikuwa na jibu. Angekuwapo mwongozaji aliyefunzwa kuzungumza na watoto, tena kwa Kiswahili, swali lile lingezaa mengine kumi.

Kwamba inawezekana kumfunza mtoto huku akifurahi, bustani ya wanyama ya Haller Park kule Bamburi ni ushahidi. Palikuwa na machimbo ya saruji, mwamba mtupu, hadi miti ilipoanza kupandwa mwaka 1971. Mivinje ikashika, na majongoo wakaletwa wayatafune majani makavu mpaka yakawa udongo. Mtoto akiinamishwa amwone jongoo mmoja tu, kisha akaonyeshwa msitu mzima uliomzunguka, huhitaji kumhubiria kuhusu mazingira. Halafu ampelekee twiga chakula kiganjani, ule ulimi mrefu wa rangi ya zambarau umguse vidole, na hadithi hiyo ataisimulia darasani muhula mzima.

Lililo zito zaidi moyoni mwangu, Mheshimiwa, ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Sisi wa pwani tumekua tukijua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, na kwamba wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya maji makubwa na maji madogo hupita mita 3. Mgeni wa bara hayajui hayo. Anatandika mkeka, anawaachia watoto wacheze kwenye fungu la mchanga lililo kavu, na baada ya muda maji yamepita nyuma yao. Naomba kila njia ya kuingilia ufuoni iwekwe kibao chenye saa za maji za siku hiyo, kwa maandishi makubwa na kwa Kiswahili, na waokoaji waongezwe siku za sikukuu. Kibao hicho hicho kitawafaa wanaotaka kushuka maji yanapokupwa, kwani hakuna bustani ya watoto inayoshinda vidimbwi vya mawe vyenye kaa na viti vya pweza, bure kabisa.

Kuna na suala la choo, ambalo wengi huona haya kuliandika. Desemba iliyopita, katika eneo moja la mapumziko nisilotaka kulitaja, binti wa miaka minne alibanwa tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo ameondoka. Mama mmoja muuza mihogo alitusitiri kwa kanga yake. Mtoto alilia kwa aibu, nasi tukapanda tuktuk tukarudi nyumbani saa tisa alasiri, siku ikawa imekwisha.

Hata katika bustani ya Mama Ngina, penye upepo mwanana chini ya mibuyu na meli kubwa zikipita karibu kuingia Kilindini, familia haiwezi kukaa mpaka magharibi bila maji safi, kivuli na choo kilicho wazi.

Natambua kwamba si kila kituo kiko chini ya kaunti. Hata hivyo, ofisi yako ina uwezo wa kuwaita wasimamizi wa vituo hivyo kwenye meza moja kabla ya Desemba, pamoja na akina mama wachache tunaotembeza wageni. Nikialikwa nitakuja, na nitakuja na yule mpwa wangu, kwa kuwa bado anasubiri jibu la swali lake.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa