Swahiba, Ujerumani au Uholanzi?

Aachen, Ujerumani

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo inatumaliza.

Barua yako nimeipata. Umeuliza uende kusoma Delft, Uholanzi, au uje huku, na umemuuliza mtu anayekaa mpakani. Basi la mjini kutoka Aachen linakufikisha Vaals, ambayo tayari ni Uholanzi, na mara nyingi hakuna anayekuomba pasi. Jumamosi nyingine navuka kufuata samaki na jibini, jioni niko jikoni kwangu. Lakini kwa mwanafunzi aliyetoka kwetu, hizi ni nchi mbili kwelikweli.

Tuanze na ada, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Vyuo vya umma vya jimbo hili havitozi ada ya masomo, hata kwa sisi tusio wa Ulaya. Unalipa mchango wa muhula, kama euro 300 hivi, na humo humo mna tiketi ya mabasi na treni. Usidhani ni Ujerumani yote lakini: jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 wanatutoza euro 1,500 kwa muhula, na chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kimeingia mkumbo huo. Sasa Delft: uzamili wa uhandisi pale ni zaidi ya euro 20,000 kwa mwaka kwa mtu wa pasi kama yako. Mholanzi na wenzake wa Umoja wa Ulaya wanalipa chini ya 3,000 tu.

Usishangilie mapema. Ili upate viza ya huku bila ufadhili, lazima uonyeshe una fedha za kujikimu, na wengi wetu tunapitia Sperrkonto, yaani akaunti inayofungwa. Kiwango kilichowekwa 2024 ni euro 11,904. Kwa shilingi zetu za Tanzania ni zaidi ya milioni 30, na zinatakiwa zote kabla hujapanda ndege. Hapo ndipo ndugu huitwa kikao, shamba likauzwa. Ila sikiliza: hizo fedha ni zako. Ukishafika na kufungua akaunti ya kawaida, wanakuachia euro 992 kila mwezi, na ndizo unazolipia chumba, bima na chakula. Uholanzi pia wanataka waone fedha za kujikimu, halafu ada iko juu yake, na ada ikishalipwa imekwenda.

Kwa makaratasi, Waholanzi wametuzidi. Chuo kikikupokea, chenyewe ndicho kinakuombea viza na kibali cha kukaa. Huku unahangaika mwenyewe, ubalozini kwanza, kisha ofisi ya wageni ya mji. Na kila kitu kinakuja kwa posta, kwa Kijerumani. Bahasha ya kwanza iliyonitisha ilitoka kwa wanaokusanya mchango wa redio na televisheni: euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni wala redio! Vaals ukiharibu sentensi moja ya Kiholanzi, muuzaji ameshahamia Kiingereza. Kwa hiyo hata kama kozi yako ni ya Kiingereza, anza Kijerumani sasa hivi, pale Taasisi ya Goethe, Dar.

Kazi za kujikimu nazo zinatofautiana. Huku unaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku, na kazi ya usaidizi chuoni haihesabiwi humo. Uholanzi ni saa 16 kwa wiki, na mwajiri ndiye anayetakiwa akuombee kibali, kwa hiyo wengi wanaona usumbufu. Ukimaliza, Ujerumani inakupa miezi 18 ya kutafuta kazi, wao 12.

Kuhusu nyumba, huku ni shida, kule ni balaa. Vyuo vya Uholanzi vimefika mahali pa kuwaambia wageni waziwazi: kama hujapata chumba, usije.

Halafu mitihani, ambayo hakuna aliyenionya. Vyuo vingi vya huku mtihani mmoja mwisho wa muhula ndio unabeba somo zima, na ukifeli lile lile mara tatu, kozi hiyo basi tena. Kule wanagawa mwaka vipande vifupi, kazi za vikundi nyingi, hupati nafasi ya kulala. Ukishindwa kufikisha nusu ya krediti za masomo za mwaka, kibali cha kukaa kinaingia hatarini.

Wewe ni mtu wa maji, kwa hiyo moyo wako kuwa Delft siushangai. IHE, taasisi ya elimu ya maji, iko pale, na wahandisi wengi wa maji wa kwetu wamepita mikononi mwao. Ukipata ufadhili, nenda wala usigeuke nyuma. Bila ufadhili, usimfilisi mama, njoo huku.

Nitumie nakala ya matokeo yako ya digrii, somo kwa somo pamoja na saa zake. Vyuo vya huku hulinganisha masomo uliyosoma na wanayotaka wao, na wenye digrii nzuri kabisa hukataliwa kwa kupungukiwa masomo ya hesabu. Nikiziona mapema tutajua pa kuomba.

Wako,
Swahiba wa mpakani