Yah: Malalamiko kuhusu toleo jipya la programu ya kupokelea korosho

Karani wa Mizani,
Chama cha Msingi cha Ushirika,
Tandahimba, Mtwara.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Huu ni msimu wangu wa saba mizanini. Minne nilitumia daftari, na huu ni wa tatu natumia programu yenu. Ilipokuja niliipenda, maana jumla ya kilo ilijikokotoa yenyewe na mizozo na wakulima ikapungua. Ila toleo mlilolileta Oktoba, minada ikiwa imeshaanza, limetuharibia kazi, na kila nikiwapigia simu naambiwa makarani tunahitaji mafunzo.

Zamani kitufe cha "Hifadhi" kilikuwa chini, kipana, peke yake. Sasa ni kidogo na kimebanana na "Futa", na ukigusa "Futa" huulizwi mara ya pili. Mkono wangu mmoja unashika simu, mwingine unazuia gunia lisiyumbe, vidole vina vumbi, jua limepiga kioo. Wiki iliyopita nilifuta kilo 312 za bibi mmoja huku magunia yake yakiwa yameshabebwa kuingizwa stoo. Kilichomwokoa ni daftari langu la zamani, ambalo nashukuru sikuliacha.

Naomba mwelewe uzito wa jambo hili. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho, msimu wa 2007/2008, mkulima haondoki mizanini na fedha. Anaondoka na karatasi, anasubiri mnada, kisha malipo benki. Kumbukumbu ikipotea, malipo yake yanakwama, na ada ya mtoto haisubiri. Hapo ndipo wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo, anapobisha hodi na bakuli lake la kupimia, na korosho zilizobaki nyumbani zinaondoka kwa bei ya kutupa.

Jambo la pili ni saa. Niliitisha kikao kupitia programu, ikawatumia wanachama meseji: "Kikao 9:00". Wazee wakafika saa tisa alasiri, wengine wametembea kutoka vitongoji vya mbali, wakati kikao kilikuwa saa tatu asubuhi na kilishakwisha. Programu ni ya Kiswahili, basi iandike "saa 3 asubuhi".

Pia sasa haifunguki bila mtandao. Toleo la zamani lilitunza kazi kwenye simu hadi mtandao urudi. Lirudisheni hilo.

Kijana wenu wa simu ni mwenye adabu, sina ugomvi naye. Lakini mafunzo hayasogezi kitufe. Nimewauliza makarani watatu wa vyama jirani, na wote wamewahi kufuta bila kukusudia, wakiwemo vijana wawili waliozoea simu kuliko mimi. Mpwa wangu anayesomea kompyuta ameniambia kwamba mtaalamu Jakob Nielsen alishaziandika kanuni kumi mwaka 1994: mojawapo ni kuzuia kosa kabla halijatokea, nyingine ni kumwachia mtumiaji njia ya kurudi nyuma. Mtaalamu huyohuyo anasema ukiwatazama watu watano tu wakitumia programu, utayaona matatizo yake mengi. Sisi makarani wanne tuko tayari, na wa tano hakosekani.

Kwa hiyo naomba mtenganishe vitufe hivyo wiki hii, na "Futa" iulize kwanza. Mengine yafuate, lakini toleo jingine lisije katikati ya msimu. Halafu mtume mmoja wa waliotengeneza programu hii aje akae nasi mizanini siku nzima. Asije kutufundisha, aje kutazama, na atuulize tunakwama wapi. Mmekuwa mkituomba nyota kila wiki, lakini swali hilo hamjatuuliza hata mara moja.

Tunapokea mzigo Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa 2 asubuhi. Chakula cha mchana atakula kwetu.

Wako katika kazi,
Karani wa Mizani