Istanbul ya miezi miwili si ile ya siku tatu

Ndugu Mhariri,

Kurasa za safari, zenu na za magazeti mengine, humwandikia mgeni wa siku tatu: alale hoteli gani, apande mnara upi, ale wapi huku akitazama bahari. Mume na mke wanaokwenda Istanbul kukaa miezi miwili, wawe wamefuata matibabu, nguo za jumla za mitaa ya Laleli na Merter, au wamestaafu tu na wanataka kubadilisha hewa, wakiushika ushauri huo wataishiwa mwezi wa kwanza. Naomba nafasi nieleze siku yao ya kawaida inavyoweza kwenda bila haraka na bila kujinyima. Bei za lira sitazitaja. Hupanda mara kadhaa kwa mwaka, na tarakimu yoyote nitakayoiandika itamdanganya msomaji wa mwezi ujao.

Tuseme wamepanga nyumba yenye jiko huko Fatih, wilaya ya mji wa kale. Tangu Januari 1, 2024, nyumba inayopangishwa watalii kwa siku 100 au pungufu lazima iwe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao chake kibandikwe mlangoni. Waombe picha ya kibao hicho kabla ya kutuma fedha. Wakishaingia, wamwambie mwenye nyumba awaonyeshe kombi, lile sanduku jeupe la ukutani linalochemsha maji ya kuogea na kupasha nyumba joto kwa gesi. Mshale wake wa mgandamizo unatakiwa usimame kati ya bar 1 na 2. Ukishuka sana chini ya 1, mashine huweza kujizima na maji yakawa baridi, na watu wengi humwita fundi na kumlipa kwa kazi ya nusu dakika: chini ya sanduku kuna koki ndogo ya kujazia, ifunguliwe taratibu mpaka mshale ufike 1.5, kisha ifungwe kabisa. Kama mshale unashuka tena kila siku mbili tatu, hapo kuna mahali panavuja, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Kifungua kinywa kiliwe nyumbani. Hapa ndipo akiba kubwa ilipo, maana kile kifungua kinywa cha visahani ishirini kinachouzwa kwa watalii huwa ni jibini, zeituni, nyanya, matango na yai, vitu ambavyo duka lolote la BİM au A101 linavyo. Gramu 200 za jibini jeupe na kiasi hicho hicho cha zeituni huwatosha wawili siku mbili. Mkate ununuliwe kwenye kibanda cha Halk Ekmek, mkate wa manispaa, ambao bei yake iko chini ya ule wa tanuri za mitaani. Maji ya kunywa yachukuliwe kwa dumu la lita 5. Chupa ndogo zinazonunuliwa uwanjani Sultanahmet, nne au tano kwa siku, kwa watu wawili, kwa miezi miwili, ni fedha ambayo hakuna anayeiona ikiondoka.

Chai ya huko hatuizoei haraka sisi tuliolelewa na chai ya maziwa iliyochemshwa. Majani ya chai ya Rize, mkoa wa Uturuki unaolima chai, hayachemshwi. Birika ni mbili, moja juu ya nyingine: ya chini ina maji matupu, ya juu hutiwa vijiko vitano vya majani na kumwagiwa maji yaliyochemka, kisha moto hupunguzwa na mvuke wa birika ya chini huivisha kwa dakika 15. Mimina kidogo ya chai nzito ya birika ya juu, jazia maji ya moto ya birika ya chini. Ukiyatokosa majani yanakuwa machungu, na hapo ndipo mtu hukimbilia mkahawani akidhani ubaya ni wa majani. Itakayobaki itiwe kwenye chupa ya chai, maana jioni itahitajika.

Kutoka Fatih hadi msikiti wa Süleymaniye ni mwendo wa miguu. Msikiti huo uliojengwa na msanifu Mimar Sinan kati ya 1550 na 1557 hauna kiingilio, na bustani iliyo nyuma yake inatazama Haliç yote, yaani ghuba ya Pembe ya Dhahabu, mandhari ambayo watu wa mnara wa Galata wanaipangia foleni na kuilipia. Mama awe na mtandio wake. Ijumaa adhuhuri si wakati wa kutembea humo kutazama dari. Kwa anayekwenda kuswali ni kinyume, afike mapema, maana safu hujaa. Ayasofya (Hagia Sophia) nayo ina njia mbili: tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa yuro 25 kupanda roshani ya juu, lakini anayeingia kuswali halipi.

Mbele ya Süleymaniye kuna safu ya migahawa ya kuru fasulye, maharage meupe ya rojo yanayoliwa na wali. Mswahili hahitaji kufundishwa chakula hicho. Migahawa ya aina hii, na ile inayoitwa esnaf lokantası, yaani ya mafundi na wenye maduka, hupika asubuhi na kupanga masufuria kiooni, hivyo wafike kati ya saa sita na saa saba. Saa nane vizuri vimeshakwisha. Wawili waagize sahani moja kamili ya nyama, maharage nusu sahani (husemwa yarım), na wali mmoja. Mkate kwa kawaida huja bure, lakini maji ya chupa yakifunguliwa yanalipiwa. Mahali ambapo bei haikubandikwa, na kijana anawavuta mkono kutoka barabarani, wapite tu.

Alasiri iwe ya feri. Wateremke Eminönü, njiani wachungulie msikiti wa Rüstem Paşa kwa ajili ya vigae vyake vya İznik, kisha wapande feri ya kawaida ya Üsküdar, ile wanayopanda wafanyakazi. Hulipiwa kwa kadi ya İstanbulkart kama basi. Mashua za utalii zinazopigiwa debe hapo hapo hupita maji yale yale kwa bei nyingine kabisa. Kila mmoja awe na kadi yake. Kadi moja inaweza kugongwa kwa watu wawili, ila punguzo la kubadilisha chombo ndani ya saa mbili humhusu abiria wa kwanza tu, na wa pili hulipa nauli kamili kila mara. Gharama ya kadi ya pili inarudi upesi.

Üsküdar, watembee kando ya maji hadi ngazi za Salacak, mbele ya Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama majini. Jua huzama upande wa mji wa kale, juu ya minara ya misikiti, na wenyeji hukaa hapo na chupa zao za chai na mbegu za alizeti. Hakuna wa kuwadai kitu.

Kurudi, treni ya Marmaray hupita chini ya bahari na kufika Sirkeci kwa dakika nne hivi. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza fedha. Mlango wa kuingilia hukata nauli ya safari ndefu kuliko zote, kana kwamba unakwenda mwisho wa reli, na anayeshuka kituo cha kwanza anatakiwa agonge kadi kwenye mashine ya kurudishia, iliyoandikwa iade, ndipo tofauti irudi. Mashine haikuiti. Metrobüs, mabasi ya njia yao maalumu, nayo ina utaratibu huo huo. Kwa safari ya kituo kimoja, kinachorudi si kidogo.

Jumatano ratiba igeuzwe, kwa sababu siku hiyo soko la mboga na matunda la Çarşamba hufunguliwa hapo hapo Fatih. Waende jioni wauzaji wanapoanza kufunga, bei hushuka. Wengi hujaza mfuko wenyewe na hawapendi mteja achague, kwa hiyo waombe nusu kilo kwanza na watazame zilizo chini ya mfuko zikoje.

Mambo mawili ya mwisho ni ya mfukoni. Mashine ya benki ikiuliza wakatwe kwa lira au kwa sarafu ya nyumbani, wajibu lira, kwani jibu la pili huipa benki ile ruhusa ya kujipangia kiwango cha kubadilishia. Na simu iliyotoka nje ikitiwa laini ya Uturuki hufanya kazi siku 120, kisha hufungwa mpaka isajiliwe kwa ada nzito. Kwa miezi miwili hawana shaka, lakini wakiamua kuongeza muda, laini ya Uturuki iwekwe kwenye simu moja tu na ya mwenzake ipate intaneti kupitia hiyo.

Msomaji wenu,
Tanga