Tembo saba wa baba yako

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Goti la baba yako bado linamsumbua, ila kukaa kitako hataki, na hivi ninavyoandika yuko shamba na panga lake.

Ujumbe wako wa kutaka kutupeleka Serengeti nimeusoma mara tatu. Ningekupigia simu, lakini hapa nyumbani ukipiga simu baba yako atataka iwekwe spika, na nitakayokwambia si maneno ya spika. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa jirani anayekuja Dar.

Kwanza ahsante, wewe na mkeo. Miaka 29 nimesimama mbele ya ubao nikichora Serengeti kwa chaki. Nimewaambia watoto wa watu kuwa ni kilomita za mraba 14,763, kwamba jina lenyewe ni la Kimaasai, na kwamba nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka mwaka mzima wakifuata majani. Mishale nilikuwa naichora bila kutazama kitabu: kusini upande wa Ndutu wanazaa mwezi wa Februari, kaskazini wanavuka Mto Mara kuanzia Julai. Siku moja mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe umewaona?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Kwa hiyo usidhani siitaki Serengeti. Naitaka sana. Lakini safari hii twende Mikumi.

Baba yako nitamwambia sababu ni karafuu, na si uongo. Huko kuvuka mto unakokutaka wewe kunaangukia Julai mpaka Septemba, wakati karafuu nazo zinataka mikono. Ikishachanua karafuu imeharibika, haimngojei mtu aliyekwenda kutazama nyumbu. Na goti lile siliamini kwa siku nzima ya vumbi kutoka Arusha.

Sababu yenyewe ni hii. Mwaka 1994 baba yako alikwenda Mbeya kufuata mchele. Alipanda meli ya usiku pale Mkoani, bahari ilikuwa mbaya, akatapika mpaka nyongo. Dar hakupumzika, akaingia kwenye basi alfajiri ile ile. Wenzake walishamwambia kuwa ile barabara ya Mbeya inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi, wanyama unawaona ukiwa umekaa kitini. Akagombea kiti cha dirishani akakipata. Morogoro alikuwa macho, akanunua machungwa. Baada ya hapo hajui kitu. Alipozinduka machungwa yanabiringika miguuni mwa watu, hifadhi imeshapitwa, na abiria wa pembeni anamwambia, "Kaka, umewakosa tembo. Saba, kando ya lami kabisa." Kurudi walipita usiku.

Alipofika Wete, pale barazani wakamuuliza. Akasema saba.

Mimi aliniambia ukweli usiku wa pili, ndani ya chandarua, tena kwa kunong'ona kama mwizi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kila mwaka tembo wale wanaongezeka mambo. Wewe ulikuwa hulali bila kusimuliwa yule mdogo aliyejificha chini ya tumbo la mamake. Yule ni wa baba yako mwenyewe, hata yule abiria hakumtaja.

Sasa umenielewa. Barabara nyingine haitamfaa.

Tupangie mwezi wa Juni, tukishamaliza Idd ya Mfunguo Tatu. Masika yatakuwa yamekwisha, kipupwe kimeingia, majani yameanza kukauka na wanyama wanasogea kwenye maji. Sisi tutapanda boti mpaka Unguja, tulale kwa shangazi yako, kesho yake tuvuke Dar. Usimpakie baba yako boti na gari siku moja, yaliyompata unayajua. Kutoka Dar mpaka Morogoro tutakwenda na treni mpya ya umeme, nasikia safari haichukui hata muda wa saa mbili. Gari tulikute Morogoro. Kutoka hapo ni kama kilomita 100.

Gari liwe la kufunguka juu, na dereva awe mwenyeji wa hifadhi, asiwe mtu wa kukimbiza simba kutoka pembe hii mpaka ile kwa kuwa amepigiwa simu. Mikumi ni kilomita za mraba 3,230, yaani Unguja na Pemba ukiziunganisha bado hazifiki, hatuwezi kuimaliza. Mimi nataka uwanda wa Mkata na bwawa la viboko, tena tukae. Ukitaka kuwaona popo wetu wa Kidike unakaa chini ya mti na kufunga mdomo, sidhani kule ni tofauti. Tulale usiku mbili, tutoke alfajiri na jioni, mchana wanyama wamelala vivulini na sisi tulale.

Nguo. Nimekumbuka mbung'o. Unguja waliwamaliza, mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena, lakini Mikumi wapo, na hupenda rangi nyeusi na buluu. Sasa mimi na buibui langu si nitakuwa nimewaalika? Mwambie mkeo anitafutie lile la rangi ya udongo, refu, kitambaa kizito, wanauma juu ya nguo. Baba yako ana shati lake la buluu la Idd. Nitalificha.

Chakula nitafunga mwenyewe, mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, ila tulie ndani ya gari. Nyani wa kule si tumbili wetu wa kufukuzwa kwa kokoto. Vitambulisho usisahau, raia analipa kwa shilingi, asiyejulikana atadaiwa dola. Malipo yenyewe fanya wewe kwa simu, mimi hayo siyawezi.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Tukitoka Morogoro mkalishe baba yako dirishani, na umnunulie machungwa. Usimuulize kitu. Akisinzia mwamshe kwa jambo jingine, muulize bei ya karafuu. Na tembo wakitokea, usiwahesabu kwa sauti, mwache ahesabu mwenyewe. Akisema wale wa mwaka ule walikuwa wakubwa zaidi, wewe itikia.

Mama yako