Wanaoanza sigara za kielektroniki waelekezwe vizuri

Mhariri,

Wavutaji wengi wanaohamia sigara za kielektroniki hulalamikia jambo moja: ladha ya kuungua inayokwaruza koo. Wauzaji huwauzia koili nyingine (kile kiwaya chenye pamba kinachopasha moto kimiminika kiwe mvuke) bila kuwaeleza chanzo. Hilo linaudhi, kwani mara nyingi kosa ni haraka tu.

Koili mpya ina pamba kavu. Dondoshea matone matatu manne ya kimiminika kwenye vitundu vyake vya kando, ifunge, jaza tanki, kisha subiri dakika 10 bila kubonyeza kitufe. Anza na wati za chini kabisa kati ya zile zilizoandikwa kwenye koili yenyewe, uongeze kidogo kidogo. Pamba ikishaungua haitengenezeki. Koili hiyo ni ya kutupa.

Kimiminika kizito, chenye gliserini asilimia 70 au zaidi, hakipenyi upesi kwenye koili ndogo za omu 1 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenda juu. Hizo zinataka mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa gliserini na propilini glikoli, ambayo ni nyepesi zaidi. Chepesi nacho, kikitiwa kwenye koili kubwa, huvuja.

Kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za nikotini kuzidi: acha kuvuta, halafu tafuta kiwango cha chini. Asiyevuta sigara asiguse kabisa vifaa hivi. Chupa zifungiwe mbali na watoto, maana nikotini ikinywewa ni sumu. Na betri ya 18650 (ile ya duara ndefu inayochajiwa) iliyochanika ganda la plastiki isitumike tena. Hata iliyo nzima isitiwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu, huweza kupiga shoti na kushika moto.

Fundi wa vifaa vya umeme,
Mombasa